Bila Shida Yoyote

Kwanza ni ndoo. Sijafumbua macho, jogoo wa jirani hajamaliza kujisifu, naisikia ndoo ikisugua sakafu ya saruji: krrr, kimya, krrr. Mama haibebi siku hizi. Anaisukuma kwa mguu kutoka bombani hadi bafuni. Ikienda kwa mkupuo mmoja, najua viungo vyake vimeamka na huruma. Ikisimama njiani, najua naye amesimama, ameegemea ukuta, anangoja goti lake likubali. Asubuhi ile ilisimama, ikaenda kidogo, ikasimama tena, nami nikalala nimeuma shuka.

Sikutoka kumsaidia. Niliwahi kutoka siku moja, akaniuliza, "Nimekuita?" Akiuliza kwa sauti ile, unarudi kitandani.

Mama ni msusi. Chumba chetu cha mbele ni saluni: kioo kikubwa chenye ufa pembeni, viti viwili, benchi la wanaongoja, na picha za vichwa ambazo jua limezila rangi. Nusu ya wanawake wa mtaa huu waliolewa na nywele alizozisuka yeye. Kisha ikaja baridi yabisi. Ilianzia kwenye vifundo vya vidole, ikapanda viganja, ikashuka magotini, ikatulia humo kama mpangaji asiyelipa kodi. Sasa anayesuka ni dada yangu, na mama anakaa kwenye kiti chenye mto akitoa amri: "Kaza hapo. Huo mstari umelewa. Fumua."

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nilipoona vidole vya mama vinakunjika, sikukaa kulia, nililia kwa vyuma. Koki ya bomba la uani niliichomelea mkono mrefu, aifungue kwa kiwiko. Kando ya choo niliweka nondo ya kushika, nikaipiga msasa mpaka ikawa laini kama kijiko. Kitanda chake nilikiinua kwa miguu ya bomba. Chanuo lake la zamani nililizungushia mpira wa tairi likawa nene, ingawa siku hizi mkono wenyewe hauvuki sikio. Sijisifu. Nasema kilichopo.

Nilikuwa na kipimo changu cha ugonjwa wa mama, ndiyo hiyo ndoo. Hospitali nayo ikaleta chake.

Daktari wa viungo alishasema wazi kwamba vidonge vimefika mwisho wa nguvu zake. "Inatakiwa sindano ile mpya," alisema. "Bila hiyo vidole vitafunga, na vikishafunga havifunguki." Sindano ililetwa na mradi, na nafasi zilikuwa chache. Ili kujua nani apewe, mradi haukutazama vidole vya mtu. Ulimtuma kijana akapime ubora wa maisha. Maisha yako yakiwa mabaya ya kutosha, unachomwa sindano. Yakiwa mazuri, pole, nenda nyumbani ukayafurahie.

Kijana huyo alijitambulisha kwa jina refu ambalo nimelisahau kwa makusudi. Mimi nilimwita Bwana Alama. Shati jeupe, viatu vilivyochongoka, kishikwambi mkononi. Alikuwa amekaa kwenye kijichumba cha mwisho cha korido, chini ya feni isiyozunguka, na kila aliyeingia alimwona utosi kabla ya kumwona uso, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimeinamia kioo kama mbuzi kwenye pumba.

Niliingia na mama. Siku zote naingia naye. Mwanamke mwenye mtoto wa kiume haingii hospitali peke yake kama furushi lililosahaulika. Nilivuta kiti, nikakaa begani kwake, nikakunja mikono na kumkazia macho yule kijana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za viungo?"

"Nzuri," mama akajibu.

Nikaona kidole kinabonyeza.

"Umeandika nini hapo?" nikauliza.

"Amesema nzuri."

"Ndugu yangu, ukimkuta mtu makaburini, jembe mkononi, ukamuuliza habari, atakujibuje? Atasema nzuri. Halafu ndiyo akwambie anayezikwa ni nani. Sasa wewe umeandika kabla ya halafu."

Bwana Alama hakuinua kichwa. "Hojaji haina nafasi ya halafu, ndugu."

Mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikanyamaza, lakini kunyamaza kwangu kulisikika chumba kizima.

Akaanza kusoma. Alisoma kama anayetangaza vifo redioni, na kila swali lilikuja na mkia uleule: bila shida yoyote, kwa shida kidogo, kwa shida sana, au siwezi.

"Katika juma lililopita, umeweza kuingia na kutoka katika beseni kubwa la kuogea la kulala?"

"La kulala?" Mama akanigeukia. "Watu wanaoga wamelala?"

"Wapo, mama," nikasema. "Ndio waliotunga maswali."

"Sisi tunaoga na ndoo, mwanangu, tumesimama. Sijawahi kushindwa kutoka ndani ya ndoo."

"Kwa hiyo, bila shida yoyote?"

"Shida itoke wapi?"

Akabonyeza.

"Umeweza kusukuma mashine ya kufyonza vumbi?"

"Ndiyo kitu gani?"

"Ni kama ufagio wa umeme."

"Kufagia anafagia binti yangu."

Akafikiri kidogo, kama kweli kulikuwa na cha kufikiri. "Kwa hiyo hili halikuhusu." Akabonyeza.

"Umeweza kuosha nywele zako mwenyewe?"

Hapo mama akanyooka kitini. Nikauona uso wake wa zamani, uso wa mwenye saluni. "Mimi? Uniulize mimi nywele? Nimeosha vichwa vya mji huu mzima, mwanangu. Hata mama yako nikimwona, huenda nikamkumbuka kwa kisogo."

"Bila shida yoyote," akanong'ona Bwana Alama, akabonyeza.

Ukweli ni kwamba nywele za mama zinaoshwa na dada, mama akiwa ameinamia karai, amefumba macho. Lakini swali lilimgusa pale penye fahari yake, na fahari ndiyo iliyojibu. Nilitaka kusema, mguu wake ukawa tayari juu ya wangu.

Likaja swali la kuvaa nguo: naweza. Likaja la kuinuka kitandani: naweza. Likaja la choo. "Umeweza kuketi na kuinuka chooni?" aliuliza kijana yule, kwa sauti ileile ya beseni na ufagio. Mama akaangalia mkoba wake. Akaufungua, akaufunga.

"Naweza," akasema haraka.

Niseme kweli: hata mimi nilifurahi alivyolijibu haraka, likapita.

"La mwisho. Kwa ujumla, kuanzia sifuri hadi kumi, unaupimaje ubora wa maisha yako?"

"Namshukuru Mungu."

Kwa mara ya kwanza Bwana Alama akainua kichwa. Alikuwa na macho madogo yaliyochoka. "Hiyo ni namba ngapi, mama?"

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Nilicheka mpaka nesi akachungulia mlangoni. Mtu kasomeshwa, kapewa mshahara, kapewa feni hata kama haizunguki, anataka namba ya kumshukuru Mungu! Mama alimwonea huruma. "Weka unayoona inafaa," akamwambia. Akaweka. Kioo kikawa kijani.

"Hongera, mama," akasema Bwana Alama. "Uko vizuri."

Mama akasema asante. Aliinuka kwa kusukuma meza kwa viwiko, na kijana yule alikuwa ameshainama tena akimwita anayefuata.

Nilirudi pale koridoni peke yangu, mama akiwa ameketi kwenye benchi la nje. Nilimkuta yule nesi, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia. Alinisikiliza akipanga vikombe vya mkojo, bila kuharakisha.

"Umemaliza?" akauliza.

"Sijamaliza."

"Basi malizia nyumbani. Alama za shida za mama yako hazijafika mstari wa sindano, lakini daktari ameandika vingine. Wa namna hiyo hufuatwa kwao, wakapimwa mara ya mwisho. Yule kijana atakuja. Baada ya hapo orodha inafungwa, na hata ukimtukana nani, haifunguki."

Nilimshukuru kwa shingo ngumu. Njiani mama aliniuliza amesema nini, nikamwambia: tumepewa nafasi moja, na safari hii tutaitumia kwa akili.

Akili yenyewe ilikuwa yangu. Jumapili mchana, dada akiwa dukani ananunua uzi wa kusukia, nilimweka mama kwenye kiti chake cha mto. Nikachukua kifuniko cha sufuria kiwe kishikwambi. Nikakiinamia kama anavyoinama yule mwendawazimu wa vioo, nikabana pua.

"Katika juma lililopita, mama, umeweza kufunga vifungo?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Naweza."

"Unawezaje? Gauni lako halina hata kifungo kimoja. Dada alivitoa vyote, akaweka lastiki."

"Ndiyo maana naweza."

"Mama! Sema huwezi."

"Nani hawezi?"

"Wewe."

Kicheko kikaisha. "Unataka nikajililie mbele ya mtoto wa watu? Vidole hivi vimewalisha ninyi na kuwasomesha. Havijawahi kukinga bakuli."

"Si kukinga bakuli. Ni kusema kweli."

"Kweli yangu ni yangu. Wewe unaitaka ya nini?"

Dada alikuwa ameshaingia, mfuko wa nyuzi mkononi. Ana ulimi wa wembe, dada yangu, na mwaka mmoja alionizidi anaubeba kama cheo. "Aha! Mkaguzi wa mateso kaja mapema. Mmemkaribisha chai?"

"Cheka tu. Siku vidole vikifunga utacheka vizuri."

"Siku hiyo ya kupimwa," akasema, na sasa hakuwa anacheka, "wewe nenda karakana. Niachie mimi."

"Nikuachie wewe! Utampa chai na biskuti, mtapeana 'karibu tena' mpaka getini, na mama atabaki na 'bila shida yoyote' yake."

Akauweka mfuko wa nyuzi chini. "Kaka, wewe una macho makubwa," akasema, "ila unayatumia kutishia watu tu." Akaingia ndani. Nilidhani ni tusi, na matusi ya dada huwa siyabebi mpaka kesho.

Ikafika siku ya kupimwa, asubuhi ile niliyoanza nayo, ya ndoo inayosimama. Nilipotoka chumbani nilitaka kushukuru: siku mbaya ya viungo imeangukia siku nzuri. Mgeni angekuta mambo yalivyo. Nikafungua mlango wa chumba cha mbele.

Saluni ilikuwa inang'aa. Sakafu imedekiwa, kioo kimefutwa hata ndani ya ufa, viti vimevalishwa vitambaa. Mama amekaa katikati kama bibi harusi wa mara ya pili: nywele mistari mipya, gauni la sherehe, hereni, wanja.

"Mama, ndiyo nini hii?"

"Mgeni anakuja."

"Si mgeni! Anakuja kupima shida!"

"Shida zangu hazitoki nje bila kuoga," akasema mama.

Nikamgeukia dada. Akainua mabega. Nguvu ya kubishana na mama kuhusu usafi wa nyumba haijawahi kuzaliwa.

Bwana Alama akaja na viatu vyake vilivyochongoka, akavivua mlangoni. Soksi moja ilikuwa na tundu, na nakiri tundu lile lilinipa raha. Akakaribishwa, akaketi. Mama akainuka. Nikajua anachotaka kufanya, lakini alishavuka mlango wa jikoni.

Alirudi na sinia. Alikuwa amelilaza juu ya mikono yote miwili, kutoka viwikoni hadi viganjani, kama mtu anayebeba mtoto mchanga, na vikombe vilikuwa vinatetemeka na kugongana. Dada alikuwa nyuma yake, mikono mbele, tayari kudaka, bila kuligusa. Hatua kwa hatua, mama akavuka chumba, akainama kwa kiuno na kulitua mezani. Tone moja halikumwagika. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya wanja.

"Karibu chai, mwanangu."

"Asante sana, mama." Kisha akabonyeza. "Anabeba sinia la vyombo," akajisemea.

Alipomaliza kuifyonza chai kwa sauti, akaomba kuona nyumba. Nikamzungusha mimi mwenyewe. Nilitaka aone kila kitu, ashtuke. Nikamwonyesha kitanda kilichoinuliwa. Nikamwonyesha nondo ya chooni. Nikampeleka uani, nikafungua bomba kwa kiwiko kumwonyesha.

"Nani kachomelea?"

"Mimi."

Akainama, akapapasa pale mkono wa chuma ulipoungana na koki. "Kazi safi. Haionekani hata ilipounganishwa."

Mjinga mimi, nikatabasamu.

"Kwa hiyo maji anafungua bila shida yoyote," akasema. Akabonyeza. "Na kitandani anainuka. Na chooni pia. Nyumba yenu imejipanga vizuri sana."

Tabasamu likanigandia mdomoni. Nilitazama mkono ule wa chuma, kazi niliyoilalia na kuiamkia. Kila nilichokichomelea kumfungulia mama njia, yule mtu alikuwa anakitumia kumfungia mlango wa sindano. Na hakuwa na ubaya wowote, hilo ndilo lililonichoma. Adui anakuchukia. Yule hakuwa hata na hiyo adabu.

Palikuwa na shati langu la kazi kwenye kamba, limekauka. Nikalichomoa, nikarudi ndani kwa haraka, Bwana Alama akinifuata na soksi yake yenye tundu. Nikalitupa kwenye mapaja ya mama.

"Mwonyeshe," nikasema. "Funga kifungo kimoja. Kimoja tu."

"Kaka!" dada akaita.

"Nyamaza. Aone. Si anapima? Apime!"

Mama alilitazama shati. Kisha akalitazama paji la uso la yule kijana, maana uso wenyewe ulikuwa chini. Akalishika. Kidole gumba chake kimegeuka, kinatazama nje. Cha shahada kimepinda kama ndoano. Akakibana kifungo kati ya kiganja na kifundo, kikaponyoka. Akakibana tena. Feni hatuna, redio ilikuwa imezimwa, na pumzi yake ndiyo iliyojaa chumba. Dada akageukia ukuta. Mimi nilibaki wima, nikingoja ashindwe. Nilimngoja mama yangu ashindwe.

Hakushindwa. Aliinamisha kichwa, akakivuta kifungo kwa meno, akakipitisha. Kikaingia. Akalinyanyua shati, likaninginia na kifungo chake kimoja, lina alama ya mate.

Bwana Alama akapumua. "Hapo niweke," akauliza, "kwa shida kidogo?"

"Kidogo!" nikafoka. "Wewe hata maiti ikikukodolea macho utaandika imeamka vizuri! Kipofu wewe! Hata kipofu hupapasa—"

"Toka nje."

Ilikuwa sauti ya mama.

"Mama, huyu—"

"Sisemi na huyu. Nasema na wewe. Umenivua nguo mbele ya mgeni, kisha unataka nishukuru kwamba shati ni lako. Toka."

Nilitoka. Miaka yangu yote na misuli yangu yote, nilitoka kama paka aliyekutwa na nyama. Nikaenda uani, nikasimama kwenye bomba, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kusimama. Juu yake kuna dirisha la pembeni la saluni, la vioo vya kufunguka, na lilikuwa wazi.

"Mwanangu," nikamsikia mama akisema, taratibu, "rudi mwanzo."

"Mama, maswali yale yote yameshajibiwa."

"Yafute. Niulize upya. Anza na nguo."

"Umeweza kuvaa nguo, pamoja na kufunga—"

"Siwezi."

Neno lile sikulijua. Yaani nalijua kama kila mtu, lakini sikuwahi kulisikia katika sauti ile. Nilidhani amejibu dada.

"Binti yangu ananivika," mama akaendelea, "kabla kaka yake hajaamka. Ananivika, kisha ndiyo nasukuma ndoo, ajue nimeamka salama."

"Kuosha nywele?"

"Siwezi. Nimeshasahau mkono juu ya kichwa ukoje."

"Kuinuka kitandani?"

"Asubuhi siwezi. Nalala nimekaa nusu, ili kuinuka kusiwe safari."

Nilikuwa nimeegemea ukuta. Ndoo! Ndoo yangu ya kupimia, niliyoiamini kuliko kishikwambi chochote: mama alikuwa ananisukumia mimi. Nilimdharau yule kijana kwa kuandika alichoambiwa, na mimi nilikuwa nimelala kitandani mwaka mzima nikiandika alichonitumia.

"Chooni, mama?" akauliza Bwana Alama. Sauti yake haikubadilika hata chembe. "Kuketi na kuinuka?"

Mama alinyamaza.

Hapo nikakumbuka yale macho makubwa aliyosema dada. Nikakumbuka mkoba ukifunguliwa na kufungwa, na mimi nimekaa begani, mikono nimekunja, namtazama kama askari wa lango.

Nikaweka kiwiko kwenye mkono wa chuma, nikafungua maji mpaka mwisho.

Yalishuka kwa kishindo ndani ya ndoo tupu. Sikusikia tena neno hata moja. Kupitia vioo nilimwona mama akisema, akitazama sakafu, na Bwana Alama ameinama, kidole kinakwenda. Hakumtazama hata mara moja. Ndoo ikajaa, ikafurika, maji yakanilowesha viatu, nikayaacha. Nilifunga nilipoona dada anakusanya vikombe.

Bwana Alama alitokea mlango wa nyuma kunitafuta, viatu mkononi. Sijui alitaka nini. Labda alidhani ni adabu kuaga.

"Alama zimepanda," akasema. "Amevuka mstari. Ataitwa kwa sindano ya kwanza."

"Kwa hiyo amegeuka mgonjwa leo, baada ya chai?"

"Ndiyo tatizo langu. Kipimo cha kwanza na cha pili vimeachana sana. Lazima nieleze sababu." Akakuna sikio. "Kuna sababu unayoifahamu?"

"Andika: mtoto wake wa kiume alitoka nje."

Alifikiri kwa dhati. Akapandisha ukurasa, akashusha. "Hicho kipengele hakipo," akasema.

"Najua hakipo."

"Nitaandika 'mabadiliko ya mazingira'."

Akavaa viatu vyake, akaondoka. Nilimtazama mpaka kona ya mwisho, nikamdharau hatua zote. Namdharau hadi leo. Mtu aliyemsikia mama yangu akisema siwezi, akaipa jina la mazingira!

Nilipoingia ndani, mama alikuwa bado na shati langu mapajani. Wanja ulikuwa umemshuka hadi mashavuni, naye hakuufuta.

"Yule kijana ni mjinga," akasema, kabla sijakaa.

Nikashangaa. "Sasa mbona ulimwambia yote?"

"Ndiyo maana nilimwambia. Anaangalia kioo chake. Nikimwambia nashindwa kuinuka chooni, ni kama nimeliambia jiwe. Kesho hatanikumbuka." Akalisukuma shati kwangu kwa nyuma ya mkono. "Wewe ungeniangalia. Na ungeniangalia hivyo mpaka siku ya kufa kwangu."

Dada alikuwa mlangoni na sinia.

"Ulikuwa wapi?" mama akaniuliza.

"Bombani."

"Ulisikia?"

Ningeweza kudanganya. "Mwanzo nilisikia, mama. Baadaye nilifungua maji."

Alinitazama, kisha akatazama viatu vyangu vilivyolowa na njia ya matope niliyoichora kwenye sakafu yake iliyodekiwa. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza.

"Wakishanichoma hiyo sindano watarudi kupima tena," akasema. "Waone kama maisha yamepata ubora. Atakuja yuleyule, na beseni lake la kulala. Wewe utakuwa wapi?"

Nilikaa chini, sakafuni, mahali wanapokaa wasichana wanaosukwa, kichwa changu usawa wa magoti yake.

"Nitakuwa nje, mama," nikasema kwa sauti, dada akisikia. "Nakuahidi. Nitakuwa bombani, mdomo nimefunga, na maji nitakuwa nimeyafungua kabla hajauliza la kwanza."